Tahadhari ya TMA ikisema mvua kubwa, inasema nini hasa?

Kila masika ikianza hii inajirudia. Usiku saa tatu hivi kwenye grupu la mtaa inaingia picha ya ramani, pwani yote imepakwa rangi ya chungwa, Dar, Pwani, Tanga, Morogoro, Unguja na Pemba, chini imeandikwa tahadhari ya mvua kubwa kutoka TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa siku mbili zinazokuja. Asubuhi jua linawaka, nguo zinakauka kwenye kamba kabla ya saa tano, na grupu linaanza, TMA waongo, wanatutisha bure, kila siku ni hivi hivi. Afu kesho yake alfajiri watu wa bondeni wanashuka kitandani wanakanyaga maji.

Mimi nakaa Kigogo, sio bondeni kabisa ila nipo karibu kiasi kwamba mto Msimbazi ukijaa usiku nausikia. Na hilo neno waongo linaniuma kwa sababu mtu aliyeliamini ndo huyo huyo ambaye hatanyanyua godoro, hatatoa cheti cha mtoto kwenye kabati la chini, hatamhamishia bibi kwa shangazi Tabata mapema. Kwa hiyo nimeamua kukaa chini nieleze hii kitu inavyofanyika toka mwanzo, maana nikiangalia vizuri naona ugomvi mwingi unatokana na sisi kusoma ile ramani kama ahadi wakati yenyewe haijawahi kuwa ahadi.

Tuanze na wanakoipata. Watu wengi wanadhani kuna mtaalam anaangalia mawingu dirishani anabashiri. Hapana, kazi inaanza na vipimo, vingi sana, vya kila saa. Kuna vituo vya hali ya hewa nchi nzima, kwenye viwanja vya ndege kama hapo Julius Nyerere na kwingineko, vinapima joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo unatoka wapi na una kasi gani, mvua imenyesha milimita ngapi. Kuna maputo yanayorushwa na kifaa kidogo kimefungwa chini yake, linapanda linapanda mpaka kilomita kama 30 juu huku likituma vipimo njia nzima, na duniani kote saa zilizokubaliwa kwa kurusha ni zile zile, kwa saa zetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri, ili hewa ya dunia nzima ipigwe picha kwa wakati mmoja. Kuna setilaiti za Ulaya zilizosimama juu ya bahari ya Hindi umbali wa kilomita karibu 36,000, zinazunguka pamoja na dunia kwa hiyo zinatuangalia sisi tu muda wote, kila baada ya dakika 15 picha mpya ya mawingu. Afu kuna rada.

Rada ya Dar ipo Bangulo, na hii ndo inayoona vitu vya sasa hivi. Inarusha mawimbi, yakikuta matone ya mvua yanarudi, kadri matone yalivyo mengi na makubwa ndivyo yanavyorudi na nguvu, na kwa jinsi yanavyorudi inajua hata mvua inasogea upande gani na kwa kasi gani. Kwa hiyo wingu likiwa bado lipo baharini linakuja, wao wanaliona. Ila rada haitabiri kesho, inakuonyesha kilichopo na kwa saa chache mbele unaweza kukisia kinakoelekea, basi. Mwanza nako kuna rada, na zimeongezwa za mikoa mingine kama Mtwara, Kigoma na Mbeya, na hiyo ni hatua kubwa kwa sababu kwa muda mrefu sehemu kubwa ya nchi ilikuwa inategemea macho ya setilaiti peke yake.

Sasa vipimo hivi havikai hapa Dar tu. Nchi zote wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zinarushiana data kila siku, sisi tunatoa zetu tunapokea zao, kwa sababu mvua ya Dar ya wiki ijayo leo inaweza kuwa ni joto tu la maji huko katikati ya bahari ya Hindi. Na hapa niseme kidogo historia, mpaka 1977 huduma hii ilikuwa ya Afrika Mashariki kwa pamoja makao makuu Nairobi, jumuiya ilipovunjika ndo Tanzania ikaanza kujijenga yenyewe, ikapitia kuwa idara, ikawa wakala 1999, na sheria namba 2 ya mwaka 2019 ndo iliyoifanya kuwa Mamlaka kamili.

Data zikishakusanywa zinaingia kwenye modeli, yaani kompyuta kubwa inayochukua hali ya hewa ya sasa hivi na kuisogeza mbele hatua kwa hatua kwa kutumia kanuni za fizikia, hewa ya moto inapanda, mvuke unapoa unakuwa matone, upepo unatoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, mahesabu mabilioni. Tatizo ni kwamba hewa ina tabia ya kukuza makosa. Ukikosea kidogo tu kipimo cha leo, kosa la nusu nyuzi sehemu ambayo haina kituo, siku ya tano kosa limekuwa wingu zima limehamia mkoa mwingine. Wataalam wanalijua hilo miaka mingi na njia yao ya kukabiliana nalo ndo naona watu wangeijua wangeacha kutukana, maana hawaendeshi hesabu mara moja. Kituo kikubwa cha Ulaya kwa mfano kinaendesha utabiri ule ule mara 51, kila mara wanabadilisha kidogo sana hali ya kuanzia. Kama 45 kati ya hizo zinaleta mvua kubwa pwani yetu Jumatano, uwezekano ni mkubwa. Kama ni 20, uwezekano ni wa wastani, na hapo mtaalam ana kazi ya kuamua.

Hiyo kazi ya kuamua inafanywa na watu, hapa hapa. Modeli za dunia zinaiona Dar kwa vipande vikubwa vya kilomita kadhaa, hazijui vizuri vilima vya Pugu, hazijui vizuri ule upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda baharini ukakutana na upepo wa bahari na kunyanyua mawingu jirani kabisa na pwani. Ndo maana mvua nyingi za kwetu zinapiga usiku wa manane mpaka asubuhi, na ikifika saa sita jua limetoka unasema hamna kitu. Mtabiri aliyekaa miaka kumi kwenye meza hiyo anajua kosa la kila modeli, anajua ipi huwa inazidisha mvua za masika na ipi inapunguza, wana pia modeli ya kwao ya eneo dogo wanayoiendesha wenyewe kwa vipande vidogo zaidi. Wanakaa, wanabishana, wanatoa ramani.

Na sasa tufike kwenye ramani yenyewe, hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo penye mkanganyiko wote.

Zile rangi hazimaanishi kiasi cha mvua. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na rangi inapatikana kwa kuchanganya maswali mawili tofauti: je uwezekano wa kutokea ni kiasi gani, na je ikitokea athari zake zitakuwa kubwa kiasi gani. Ukiangalia chini ya tangazo utaona yameandikwa yote mawili, uwezekano wa kutokea wastani, kiwango cha athari wastani, na mara nyingi kuna mstari unaosema baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Huo mstari wa mwisho watu wanaukata wakipiga skrini shoti, wakati ndo wenye maana kuliko yote. Wanaita utabiri unaozingatia athari. Zamani ungeambiwa milimita tu, na wewe unayekaa mtaa wa Jangwani kule bondeni ungefanya nini na milimita?

Kwa hiyo mvua ile ile inaweza kuwa njano sehemu moja na chungwa sehemu nyingine kwa sababu ardhi tayari imelowa, mitaro imejaa na watu wamejenga karibu na mto. Na tangazo la uwezekano wa wastani likipita bila mvua halijadanganya. Chukulia wamesema wastani mara kumi na mvua ikaja mara tano, hiyo ndo wastani ilivyo! Wangekuwa waongo kama wangesema wastani na mvua ikaja mara zote kumi, au isije hata mara moja.

Neno mvua kubwa nalo lina kipimo chake, ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya masaa 24. Inasikika ndogo, sentimita tano tu. Ila piga hesabu hivi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 100, milimita 50 ni lita 5,000, lile tenki kubwa jeusi limejaa pomoni kutoka kwenye paa la nyumba moja. Sasa chukua bonde lote linalomwaga maji Msimbazi, zaidi ya kilomita za mraba 200 kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, vijito vya Kinyerezi, Ubungo, Sinza, vyote vinashuka kuja kupita Kigogo, Jangwani mpaka baharini pale Selander. Milimita 50 juu ya eneo hilo ni zaidi ya lita bilioni 10. Sio zote zinaingia mtoni, zamani nyingi zilikuwa zinanyweka ardhini, ila kadri tunavyoweka sakafu, lami na mabati ndivyo zinavyokosa pa kunywekea, zinakimbia kwa pamoja kwenda bondeni.

Ndo maana unaweza kukaa Jangwani hujaona tone na mto unapanda. Mvua imenyesha Pugu. Mtu wa Jangwani anayeangalia mbingu ya kwake anaangalia sehemu isiyomhusu, anatakiwa aulize huko juu kukoje. Na hapa kuna kitu wengi hawajui, TMA kazi yao ni mvua, upepo na bahari, habari za kina cha mto na maji yaliyomo ziko upande wa maji, kwenye bodi za mabonde, sisi tuko bonde la Wami/Ruvu. Tangazo la mvua sio tangazo la mafuriko moja kwa moja, ni hatua moja kabla, na mimi kwa maoni yangu hapo katikati ndo kuna pengo linalotuumiza zaidi Dar, kuliko hata usahihi wa mvua wenyewe.

Desemba 2011 wengi wetu hatujasahau. Tarehe 20 mpaka 22, siku moja ilishuka mvua ya zaidi ya milimita 150, ilisemekana haijawahi kuonekana Dar toka miaka ya 1950. Zidisha ile hesabu ya tenki kwa tatu. Watu zaidi ya 40 walifariki, familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baadhi walirudi, wengine walipangisha walipokuwa wanakaa, na siwezi kumlaumu mtu ambaye kibarua chake kipo Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande inakula nusu ya anachopata.

Kwa upande wa bahari vipimo ni vingine, tangazo likisema upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kwa sisi wa nchi kavu ni mti unayumba, ila kwa ngalawa iliyotoka Feri au Kunduchi mita mbili ni ukuta. Wavuvi wa zamani wana elimu yao ya kaskazi na kusi na ni elimu kweli, mzee mmoja pale Kunduchi aliniambia akiona bahari imetulia kupita kiasi na wingu jeusi limekaa kusini anavuta chombo juu. Sioni ugomvi kati ya hiyo na setilaiti. Yeye anaona kilomita kumi vizuri sana, setilaiti inaona elfu moja.

Vimbunga ndo vilivyoleta maneno mengi zaidi. Tulikua tunaambiwa pwani yetu havifiki na ni kweli ni nadra, kwa sababu kimbunga kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo sana, Dar tupo karibu nyuzi 7 tu kusini. Nadra sio kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu, na Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Kwa eneo letu la bahari kituo kinachofuatilia vimbunga kwa niaba ya nchi zote kipo kisiwa cha Réunion, chini ya huduma ya hali ya hewa ya Ufaransa, TMA wanapokea taarifa zao wanaziunganisha na za kwao.

Aprili 2021 kikaja Jobo. Njia yake ilikuwa inaelekea huku kwetu, tahadhari zikatoka, watu wakajiandaa, kikasinyaa kabla ya kufika. Maneno yaliyosemwa wiki hiyo! Ila kimbunga ni kitu kinachokula maji ya moto na kinakufa kikivuta hewa kavu au upepo wa juu ukikikata kichwa, na mambo hayo yanaweza kubadilika ndani ya siku moja, hakuna mtabiri wa nchi yoyote ambaye angekaa kimya kimbunga kikiwa kinaelekea kwenye mji wenye mamilioni ya watu akisubiri kwanza aone kama kitakufa. Mimi ningekuwa na meza hiyo ningefanya hivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya, na hiki hakikufa mapema. Siku kadhaa kabla TMA walikuwa wanatoa taarifa, kila mara njia na nguvu zinasahihishwa, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na Jumamosi tarehe 4 kikaingia Mafia. Sisi Dar tulipata mvua na upepo, watu wengi wakasema mbona ni kawaida tu. Wenzetu wa Mafia na Kilwa hawakusema hivyo, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita lakini penye ukali wake ni padogo, kikipita kilomita 100 kusini mwako, kwako ni mvua tu na kwa mtu wa huko kusini ni balaa. Ukisema walitudanganya unasema kwa mtaa wako.

Utabiri wa msimu nao unachanganywa na huu wa tahadhari za siku tano mbele wakati ni kitu kingine kabisa. Wakisema masika itakuwa juu ya wastani wanamaanisha jumla ya miezi mitatu, mvua ikizidi asilimia 125 ya kawaida ya eneo ni juu ya wastani, ikiwa chini ya asilimia 75 ni chini ya wastani. Hawakuambii Aprili 14 itanyesha. Kinachowasaidia ni bahari, inabadilika joto polepole kwa hiyo inatoa dalili miezi kabla, kama vuli ya 2023 ambapo El Niño, yaani maji ya bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ilikuwepo na bahari ya Hindi upande wetu nayo ina joto kuliko kawaida, vyote viwili kwa pamoja, wakasema mvua zitakuwa nyingi na zikawa nyingi. Ziliendelea mpaka masika, na Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia bunge watu 155 wamepoteza maisha. Utabiri ulikuwa sahihi na watu wakafa. Hiyo sentensi huwa inanisumbua sana.

Maana yake ni kwamba kujua peke yake hakuokoi mtu. Angalia tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilitokea Indonesia, maji yalichukua masaa mengi, saba na zaidi, kuvuka bahari mpaka huku kwetu, ilikuwa Jumapili ya sikukuu watu wapo beach, na zaidi ya watu kumi walikufa Tanzania. Masaa saba! Dunia ilishajua asubuhi ile, ila hapakuwa na njia ya taarifa kutoka kwa wanaojua mpaka kwa kijana aliye ndani ya maji. Leo mfumo wa bahari ya Hindi upo, vituo vya Australia, India na Indonesia vinatoa taarifa kwa nchi zote na kwa Tanzania inapokelewa TMA.

Ukishuka kwenye mvua za kila mwaka, njia hiyo ina mikono mingi. TMA wanatoa tahadhari, kisheria ndo wenye dhamana hiyo. Hawana mamlaka ya kukutoa nyumbani kwako, hawafungi barabara, hawazuii boti. Idara ya menejimenti ya maafa iko Ofisi ya Waziri Mkuu, chini yake kamati za maafa za mkoa, wilaya, kata mpaka mtaa, usalama wa vyombo vya majini uko kwa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, barabara ikijaa maji ni polisi, zimamoto ni namba 114. Mkono mmoja ukichelewa ramani inabaki picha ya wasap. Kwenye mtaa wangu mwaka juzi tangazo lilifika kwa spika ya msikiti baada ya swala ya isha, imamu alisoma lote mpaka mstari wa athari, na usiku ule niliona watu wakipandisha vitu kuliko nilivyowahi kuona kwa tangazo lolote la kwenye simu.

Picha za zamani nazo zinaua imani. Skrini shoti ya Mei 2024 inarudi kuzunguka kama ya leo, watu wanakimbia, hakuna kitu, lawama kwa TMA ambao hawajasema lolote. Kabla ya kutuma angalia tarehe, imetolewa lini na inahusu siku zipi, afu angalia ukurasa wao au sikiliza redio kama ipo. Na tangazo la siku tano linabadilika kila siku, la jana sio la leo, njano ya jana inaweza kuwa chungwa leo kwa sababu modeli nyingi zaidi zimekubaliana, au ikafutwa kabisa na hiyo ni habari njema.

Kwetu nyumbani tumekubaliana hivi: njano tunazibua mtaro na kuchaji simu, chungwa vyeti na madaftari ya shule yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko na inawekwa juu ya kabati, watoto hawavuki mto kwenda shule bila kumpigia mwalimu kwanza, na mtu mmoja anapiga simu kwa mjomba aliyepo Pugu usiku kuuliza huko kunanyesha vipi. Nyekundu tunaondoka kabla ya giza, maana maji yakija usiku umeme unakuwa umekatwa na hata kama njia unaijua huioni.

Na ikishapita, saa tatu asubuhi kwenye kila kituo kuna mtu anaenda kwenye kipima mvua, anamimina maji kwenye glasi yake ya vipimo, anasoma, anaandika. Hiyo namba ndo inayoonyesha tahadhari ya jana ilikuwa sahihi kiasi gani, na inaingia kwenye hesabu za kesho.